TRENI YA MBIO NA AVIO: NANI ANAFIKA MBELE?



Katika somo la jeografia kuna swali moja linalorudi kila mwaka. Mwalimu anaandika ubaoni: avio ya abiria inakwenda kilometa 800 kwa saa, treni ya mbio ya Ufaransa inakwenda kilometa 300 kwa saa. Kisha anauliza: kutoka Paris mpaka Lyon, nani atafika mbele? Darasa zima linajibu, "Avio!" na wale wa section ya hesabu ndio wanaopiga kelele kupita wengine. Sasa ni juu ya nini watu wa Paris, wenye kuwa na avio na treni zote mbili mlangoni mwao, karibu wote wanapanda treni wakienda Lyon? Hao si wajinga, na pesa ya avio wako nayo. Neno hilo ndilo tunalotaka kuchunguza katika kurasa hizi, na tunaomba kila mmoja awe na karatasi na kalamu karibu, maana kuna hesabu ndani yake.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Wajapani ndio waliotangulia. Tarehe 1 mwezi wa 10, mwaka wa 1964, walifungua reli mpya kati ya Tokyo na Osaka, urefu wake kilometa 515, na treni zake zilikimbia kilometa 210 kwa saa. Siku zile watu wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisema treni ni kitu cha wazee, kwamba kesho ni ya motokari na avio. Wajapani hawakuwasikiliza. Wafaransa wakaangalia, wakajifunza, wakatengeneza yao: TGV, ndiyo kusema treni ya mwendo mkubwa. Rais François Mitterrand aliifungua tarehe 22 mwezi wa 9, mwaka wa 1981, na tarehe 27 watu wote wakaanza kuipanda.

Mbele ya siku ile, treni ya kawaida kutoka Paris mpaka Lyon ilitumia karibu saa 4. Ilipitia Dijon, na reli ya zamani ilizungukazunguka kufuata mabonde. TGV ya kwanza, ile ya rangi ya machungwa, ilitumia saa 2 na dakika 40, tena hapo sehemu ya kaskazini ya reli mpya ilikuwa haijamalizika. Mwaka wa 1983 ikamalizika, na safari ikashuka mpaka saa 2 kamili. Angalieni sasa kilichotokea. Mwaka wa 1981, katika kila wasafiri 100 kati ya Paris na Lyon, 31 walikuwa wakipanda avio, 40 treni, na wengine walikwenda kwa barabara. Mwaka wa 1984, treni ilikuwa na 72, na avio imebakia na 7. Miaka mitatu tu! Kampuni ya Air Inter, iliyosafirisha watu ndani ya Ufaransa, haikuwa imefanya kosa lolote. Avio zake zilikuwa zile zile, mwendo wao ule ule. Kilichobadilika ni hesabu ya masaa.

Hesabu ya masaa

Turudie basi kwenye hesabu hiyo. Kosa la darasa linaanzia hapa: tunalinganisha mwendo wa mashine, lakini msafiri hakai ndani ya mashine tangu nyumba yake mpaka nyumba anakokwenda. Msafiri anatoka mlangoni pake, na safari yake inakwisha kwenye mlango wa pili. Kati ya milango hiyo miwili kuna mambo mengi ambayo ubao haukuyaandika.

Tumfuate mtu mmoja wa Paris anayepanda avio kwenda Lyon. Uwanja mkubwa wa ndege wa Paris, unaoitwa Charles de Gaulle, uko mbali na katikati ya muji, hivi atatumia karibu saa moja kufika. Pale atapanga mustari kwa mizigo, mustari kwa kupekuliwa, atavua mukaba na viatu, na lazima awe amefika saa nzima mbele ya avio kuruka. Avio nayo haiondoki mara moja: inatembea polepole kama gari kutafuta njia yake, inangojea zamu, inapanda juu, na ikisha kufika juu, karibu ni saa ya kuanza kushuka tena. Ule mwendo wa kilometa 800 tuliouandika ubaoni, inauonja kwa dakika chache tu. Kisha kule Lyon kuna kushuka, kungojea mizigo, na kutafuta njia ya kuingia mujini, maana uwanja wa Lyon nao uko kilometa zaidi ya 20 inje.

Yule wa treni anapanda metro, anashuka Gare de Lyon (hilo ndilo jina la gare ya Paris, msidanganyike), anaingia ndani ya treni dakika chache mbele ya kuondoka, anakaa na kitabu chake, na kisha saa mbili anashuka katikati ya Lyon, mizigo mkononi. Nyumba anakokwenda labda ataifikia kwa miguu.

Tuweke namba. Hizi ni namba za kukadiria tu, kwa somo. Tuseme avio inadai saa 2 na dakika 45 ya mambo ya inje: njia ya uwanja, kungojea, mizigo, njia ya mwisho. Tuite wakati huo "wakati usiobadilika", maana safari ikiwa fupi ao ndefu, ni ule ule. Kisha avio inakwenda kilometa 700 kwa saa kwa wastani, yaani ile moyenne ya masomo yetu. Treni inadai saa 1 tu ya mambo ya inje, kisha inakwenda kwa moyenne yake. Kwa Paris–Lyon kuna kilometa karibu 427 za reli kwa saa 2, basi moyenne inakaribia kilometa 214 kwa saa. Namba 300 ni ya sehemu za mbio, si ya safari nzima. Nayo hiyo mwanafunzi mzuri haichanganyi.

Sasa avio: saa 2.75, ongeza 427 gawa kwa 700, ndiyo 0.61. Jumla inakaribia saa 3 na dakika 22. Treni: saa 1, ongeza saa 2. Jumla saa 3. Treni imefika mbele, ingawa mwendo wake haufiki hata nusu ya mwendo wa avio.

Wale wa hesabu wataona mara moja kwamba hapa kuna mistari miwili ya kuchora. Mustari wa avio unaanza juu lakini unapanda polepole. Mustari wa treni unaanza chini lakini unapanda kwa nguvu. Mahali inapokutana ndipo mupaka wa ufalme wa treni. Tukichukua treni ya moyenne ya kilometa 100 kwa saa, kama zile za zamani, mistari inakutana karibu na kilometa 204. Kupita hapo, avio inashinda. Treni ikiwa na moyenne ya 220, mupaka unasogea mpaka kilometa 561. Ikiwa na moyenne ya 250, unafika kilometa 680. Fanyeni wenyewe, msituamini bure. Ndiyo maana watu wa kazi hii wanapenda kusema: treni ikitumia saa 2 ao pungufu, avio inakufa, kati ya saa 2 na 4 kuna vita, kupita saa 4, avio inatawala. Si sheria ya Mungu, lakini miji mingi imeifuata.

Miji iliyoonyesha jambo hilo

Mwaka wa 1992 Wahispania walifungua reli ya mbio kati ya Madrid na Sevilla, kilometa 471, siku zile zile za maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Sevilla. Mwaka wa 1991 avio ilikuwa na wasafiri 40 katika 100, treni 16. Mwaka wa 1994 avio 13, treni 51. Ni kama Lyon tena.

Lakini somo kubwa zaidi la Hispania ni Madrid na Barcelona. Kati ya miji hiyo miwili, tangu mwaka wa 1974, kampuni ya Iberia iliweka kile walichokiita Puente Aéreo, ndiyo kusema daraja la angani. Mtu hakuhitaji kuandikisha nafasi: alifika uwanjani, akapanda avio inayofuata, kama vile sisi tunavyopanda taxi-bus. Watu wa biashara walikuwa wanaenda asubuhi na kurudi jioni. Hii ilikuwa moja ya njia za avio zenye watu wengi kabisa katika Ulaya, na wengi walifikiri haitaguswa. Tarehe 20 mwezi wa 2, mwaka wa 2008, treni ya mbio ikaanza: kilometa 621, karibu saa 2 na nusu kwa ile isiyosimama njiani. Mwaka ule ule wasafiri wa avio wakaanza kupunguka kwa wingi, na miaka ilivyoendelea treni ikapita mbele. Tangu mwaka wa 2021 kampuni nyingine za treni zikaingia juu ya reli ile ile kushindana na ya Leta, kwanza Ouigo ya Wafaransa, kisha Iryo mwaka wa 2022, na bei ikashuka. Hapo avio ikabanwa pande mbili: kwa wakati na kwa mfuko.

London na Paris inatufundisha kwamba kila dakika iko na uzito wake. Treni ya Eurostar ilianza mwezi wa 11, mwaka wa 1994, kwa kupita ndani ya tunnel ya kilometa 50 chini ya bahari. Ilitumia saa 3. Upande wa Ufaransa ilikimbia. Upande wa Uingereza ilijikokota juu ya reli ya zamani pamoja na treni za wafanyakazi wa vitongoji. Wafaransa walicheka sana. Mwaka wa 2003 Waingereza walimaliza sehemu ya kwanza ya reli yao mpya, safari ikashuka mpaka saa 2 na dakika 35; mwaka wa 2007 wakamaliza sehemu ya pili, ikawa saa 2 na dakika 15. Avio hazikuisha kati ya London na Paris, hata leo ziko, lakini treni ndiyo yenye watu wengi.

Na kisiwa cha Taiwan: reli ya mbio ilifunguliwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2007, kutoka Taipei mpaka upande wa Kaohsiung, kilometa karibu 350, saa moja na nusu. Avio zilizokuwa zikiruka kati ya miji hiyo zilipunguka mwaka kwa mwaka, na mwaka wa 2012 ya mwisho ikaacha.

Kwetu sisi wenye ndugu Bruxelles, mfano wa karibu zaidi ni Paris na Bruxelles. Tangu mwisho wa mwaka wa 1997 treni iliyoitwa Thalys (leo jina lake ni Eurostar) ilitumia saa 1 na dakika 25. Nani tena atakwenda uwanjani? Mwaka wa 2001 kampuni ya Air France iliacha avio zake za Charles de Gaulle–Bruxelles. Lakini angalieni akili yake: haikuwaacha abiria wake. Ilinunua viti ndani ya treni, ikavipa namba kama namba za avio. Chini ya uwanja wa Charles de Gaulle kuna gare, iliyofunguliwa mwaka wa 1994. Basi mtu aliyetoka Kinshasa kwa avio mpaka Paris alishuka, akateremka na mizigo yake mpaka kwenye reli, akapanda treni ya kwenda Bruxelles-Midi, na tikiti ilikuwa ile ile moja. Adui wa jana akawa mwenzake.

Juu ya nini kampuni ya avio ikubali hivyo? Tunafikiri hapa kuna jambo ambalo magazeti hayalisemi mara nyingi. Katika uwanja mkubwa, kila avio inahitaji zamu yake ya kuruka na kutua. Avio ndogo ya Bruxelles inakula zamu ile ile inayokula avio kubwa ya Kinshasa ao ya New York, na faida yake ni kidogo. Tena kupanda juu ndiko kunakokula mafuta mengi, na katika safari fupi avio inapanda, kisha mara moja inashuka. Kampuni ikiacha njia fupi, zamu inapatikana kwa njia ndefu. Kwa hiyo mara zingine yule anayeonekana ameshindwa, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

Si kila mahali treni inashinda

Tusiwadanganye wanafunzi, treni nayo iko na mahali inaposhindwa. Kutoka Paris mpaka Marseille, kilometa karibu 750, reli mpya ilimalizika mwaka wa 2001 na safari inatumia karibu saa 3. Pale treni imechukua watu wengi, lakini avio bado zinaruka. Lakini mkiendelea mpaka Nice, reli ya mbio imekwisha kule upande wa Marseille, na treni inafuata pwani polepole. Safari nzima inapita saa 5. Basi kati ya Paris na Nice avio zimejaa. Nchi ile ile, treni ile ile, watu wale wale. Wasiosoma hesabu wangesema watu wa Nice wanapenda avio kupita watu wa Lyon.

Tena kuna bei. Mara nyingi avio ya kampuni za bei chini inauzwa kwa pesa kidogo kupita treni, na watu wanashangaa: namna gani kitu kinachoruka kiwe rahisi kuliko kinachotambaa? Sababu moja ni kwamba treni inalipa ushuru wa kupita juu ya reli kwa kila kilometa, lakini anga halina reli ya kulipia. Tena mafuta ya avio za abiria katika Ufaransa hayatozwi ile kodi inayotozwa mafuta ya motokari. Lakini soma tikiti yako vizuri! Wanaandika "Paris–Beauvais", na Beauvais iko kilometa karibu 85 kutoka Paris. Bei ya bisi na saa iliyopotea haiandikwi kwenye tikiti.

Treni nayo inaweza kufanya mchezo kama huo. Mwaka wa 1994, kaskazini ya Ufaransa, walijenga gare ya TGV katikati ya mashamba, kati ya miji ya Amiens na Saint-Quentin, si katika muji wa kwanza wala katika wa pili. Watu waliipa jina "gare ya beterave", juu ya mashamba ya beterave za sukari yaliyoizunguka. Gare namna hiyo inaitupa ile nguvu kubwa ya treni, yaani kufika katikati ya muji. Na miji mingine ilipitwa kabisa: reli ya zamani ya Paris–Lyon ilipita Dijon, lakini ile mpya iliiacha kando. Kila mara reli inaponyoshwa kwa ajili ya miji miwili mikubwa, kuna muji wa kati unaobaki ukisikia treni kwa mbali.

Neno zito zaidi ni gharama. Kwa nini hawatumii tu reli ya zamani na kuongeza nguvu ya injini? Kwa sababu ya kona. Kitu kinachokimbia kinataka kuendelea mbele. Kwenye kona kinasukumwa inje, na ule msukumo unakua kwa mraba wa mwendo. Mwendo mara mbili, msukumo mara nne. Kwa hiyo kona za reli ya Paris–Lyon zilichorwa kwa duara yenye rayon ya mita 4000 angalau, kona ambayo ukisimama juu yake huioni kama kona. Hakuna barabara inayokatiza reli, yote inapita juu ao chini. Dereva hasomi taa za kando, maana kwa kilometa 300 kwa saa jicho halipati wakati. Amri zinatokea mbele yake ndani ya mashine. Kusimama kunadai kilometa zaidi ya 3. Juu yake kuna waya wa umeme wa volti 25,000. Vyote hivyo ni pesa. Reli kati ya Tours na Bordeaux, kilometa 302, iliyofunguliwa mwezi wa 7, mwaka wa 2017, iligharimu karibu miliari 7.8 za euro. Gawanyeni wenyewe: ni kama milioni 26 kwa kilometa moja. Avio inahitaji viwanja viwili tu, moja hapa moja kule, na kati yao hakuna mtu anayelipa kitu kwa mawingu.

Ndiyo maana reli ya mbio inadai watu wengi sana, kila siku, kwa miaka mingi. Paris na Lyon wako nao. Madrid na Barcelona pia. Uchina wenye watu zaidi ya miliari moja umejenga zaidi ya kilometa 45,000 za reli za mbio. Lakini Hispania, iliyo ya kwanza katika Ulaya kwa urefu wa reli hizo, iko na njia zingine ambazo treni zake hazina watu wa kutosha. Pesa ile ile ingeweza kutengeneza reli nyingi za kawaida, zile zinazobeba mfanyakazi wa kila asubuhi. Hili si swali la mashine tena, ni swali la nani Leta inamfikiria kwanza.

Sheria ya Ufaransa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limesemwa sana. Mwezi wa 8, mwaka wa 2021, Wafaransa waliandika sheria juu ya hali ya hewa: pale treni inapoweza kumfikisha mtu kwa saa 2 na nusu ao pungufu, avio ikatazwe. Kundi la raia lililotoa shauri hilo kwanza lilikuwa limetaka saa 4. Amri ya kuitimiza ilitoka mwezi wa 5, mwaka wa 2023, na magazeti ya dunia nzima yakapiga kelele: Ufaransa yakataza avio za safari fupi!

Lakini ni njia ngapi zilizokatazwa? Tatu tu: kutoka uwanja wa Orly wa Paris kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon. Tena Air France ilikuwa imekwisha kuziacha njia hizo tangu mwaka wa 2020, siku za korona, maana Leta iliipa msaada wa pesa kwa sharti hilo. Avio za Lyon zinazotoka Charles de Gaulle ziliendelea, kwa ajili ya wale wanaobadilisha avio. Kwa maoni yetu, sheria ile ilikuja kuzika maiti. Treni ya Bordeaux inatumia saa 2 na dakika 4 tangu mwaka wa 2017: hiyo ndiyo iliyoua, karatasi ikafuata na jembe. Hata hivyo karatasi haikukosa kazi yote. Inazuia kampuni nyingine isije kuchukua nafasi iliyoachwa na kuuza tikiti za bei ya karanga.

Na kwa hewa yenyewe, treni hakika ni bora. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linasuguana kidogo sana, na umeme wa Ufaransa kwa sehemu kubwa unatoka katika nguvu ya atome, wala hautoi moshi wa makaa. Lakini tusisahau kwamba mtu akiacha avio ya saa moja ya Bordeaux na kubakia na avio ya saa 8 ya mbali, sehemu kubwa ya moshi wake inabaki palepale.

Na sisi?

Afrika iko na treni moja ya mbio ya kweli, ile ya Maroko, inayoitwa Al Boraq. Ilianza mwezi wa 11, mwaka wa 2018, kutoka Tanger mpaka Casablanca, na sehemu yake ya mbio inafika kilometa 320 kwa saa. Tanzania ilianza mwaka wa 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma, ya kilometa 160 kwa saa. Hiyo haihesabiwi kati ya treni za mbio kubwa, lakini ile ya haraka inafika chini ya saa 4, na pale ambapo bisi inatumia siku karibu nzima, 160 inatosha kubadilisha mengi.

Katika Kongo avio haishindani na treni. Iko peke yake, kwa sababu kati ya Kinshasa na miji yetu ya mashariki hakuna reli moja inayofika. Tena tuwe wa kweli: kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna zaidi ya kilometa 1500 hata kwa njia ya anga. Hata Wafaransa wakituletea TGV kwa zawadi, kwa hesabu yetu treni ya moyenne ya 250 ingetumia saa 7 toka mlango mpaka mlango, na avio saa 5 kasoro kidogo. Mupaka wa kilometa 680 umepitwa mara mbili. Lakini Lubumbashi–Likasi, ao Kinshasa–Matadi, hizo ziko ndani kabisa ya ufalme wa treni, na hazihitaji 300.

Hapo ndipo tunawapa kazi. Reli ya Matadi–Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka wa 1898, iko na kilometa 366. Mkichukua namba zetu zile zile (avio saa 2.75 na kilometa 700 kwa saa, treni saa 1), tafuteni moyenne ambayo treni ingehitaji ili ifike sawasawa na avio, toka mlango mpaka mlango. Wa darasa la tano na la sita wafanye kwa mlinganyo, wa chini wanaweza kuchora ile mistari miwili juu ya karatasi ya vyumba. Jibu linakaribia kilometa 161 kwa saa. Aliyepata namba nyingine alete karatasi yake kwa mwalimu wa hesabu, na yule aliyepata 161 bila kuandika njia yake, naye alete.